Siagi ya Karelia na Samli Yetu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika jimbo la Karelia Kaskazini lililoko mashariki ya Ufini, wanaume walikuwa wakifa kwa maradhi ya moyo kwa wingi usiokuwa na kifani ulimwenguni, tena aghalabu wakiwa wangali katika umri wa kuchuma riziki. Nao hawakuwa watu wa kukaa vitini, bali wakata magogo na wafugaji wa ng'ombe, waliokomazwa na kazi za msituni. Kisa chao chastahili kutafakariwa na kila asemaye kwamba mtu wa jasho hadhuriwi na chakula.

Walikuwa wameonja dhiki ya vita, na neema iliporejea wakaila kwa shukrani: siagi juu ya mkate, siagi katika viazi, maziwa yenye malai yake yote, nyama ya nguruwe yenye shahamu, na tumbaku juu ya hayo. Lehemu, ambayo matabibu huiita kolesteroli, si sumu. Mwili hauishi bila yake, na sehemu kubwa huundwa na ini lenyewe, ambalo huitumia kutengenezea nyongo. Lakini mtu azidishapo mafuta yenye kuganda, ini hupoteza wepesi wake wa kuizoa lehemu katika damu, nayo ikabaki ikizunguka na kujipachika katika kuta za mishipa, mwaka baada ya mwaka, pasi na maumivu wala ishara, hata siku mshipa wa moyo uzibapo. Kwa wanaume wa Karelia wastani wa lehemu ulikaribia milimoli 7 kwa lita, ilhali leo tabibu huanza kumwonya mtu apitapo 5.

Wakuu wa jimbo wakaomba msaada kwa serikali, na mwaka 1972 kazi ikakabidhiwa Pekka Puska, tabibu ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 30. Alilolitambua, nami naliona ndilo kiini cha habari yote, ni kuwa kumwonya mgonjwa mmoja mmoja hakutoshi, madhali hurejea katika nyumba ileile na kwenye chungu kilekile. Basi yeye na wenzake wakawaendea akina mama wa jumuiya ya Martha, waliokuwa wakisikilizwa katika majiko ya jimbo zima, wakaandaa nao karamu za vijijini zenye mboga nyingi na mafuta machache. Watengenezaji wa soseji wakashawishiwa kupunguza shahamu na kutia uyoga. Wafugaji waliohofia soko la siagi wakahimizwa kulima beri. Na vijiji vikashindanishwa ni kipi kitakachoshusha lehemu zaidi. Miaka 40 baadaye, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Dawa zilisaidia, hususan baadaye, lakini sehemu kubwa ya fadhila ni ya chungu, na ya sigara zilizozimwa.

Sisi wa pwani tuna samli ya biriani, tuna tui zito ambalo, ijapokuwa asili yake ni mti, mafuta yake ni ya jamii hiyohiyo igandayo. Sisemi tuyaharimishe, nasema tuyapime. Tunazo pia kunde, mbaazi na bamia, ambazo utelezi na nyuzinyuzi zake huishika nyongo matumboni zikatoka nayo, ini likalazimika kuchota lehemu katika damu ili litengeneze nyongo nyingine. Na mtu atembeapo kwa haraka kila siku, misuli hutumia sukari na mafuta yaliyomo katika damu.

Lau wapishi wa shughuli wangeafikiana kupunguza samli katika masufuria ya harusi, mamia ya walaji wangenufaika kwa siku moja bila kuhubiriwa. Kadhalika ningependa kila tabibu amwitapo mgonjwa wa lehemu amwite pamoja na yule ampikiaye, wakae wote wawili, waulizwe wanakula nini asubuhi na nini usiku.