Chanzo cha Ioni na Safari ya Mgonjwa wa Mitundu

Mgonjwa wa Mitundu, katika Halmashauri ya Itigi mkoani Singida, akihitaji kipimo cha PET ili ijulikane saratani imesambaa hadi wapi, hana budi kuifuata dawa ya kipimo. Dawa haiwezi kumfuata yeye. Florini-18, atomu yenye mionzi inayofungamanishwa na sukari na kudungwa mshipani, hupungua kwa nusu kila dakika 110. Ikisafirishwa kwa saa 11, hubaki sehemu 1 ya 64. Hivyo hutengenezwa siku ileile, karibu na kitanda cha kipimo.

Mtambo unaoitengeneza ni saiklotroni, uliobuniwa na Ernest Lawrence huko Berkeley, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, inao tangu 2018. Wageni hustaajabia sumaku ya mtambo kama huo, ilhali uzalishaji huanzia katika kifaa kidogo mno: chanzo cha ioni.

Katika saiklotroni nyingi za hospitali, humo hupenyezwa gesi chache ya haidrojeni. Kathodi mbili za metali ya tantali hutazamana. Umeme huzitoa elektroni, na sumaku huzizuia zisitawanyike, zikawa zinakwenda na kurudi huku zikiigonga gesi. Baadhi ya atomu hujipatia elektroni ya ziada na kuwa ioni hasi. Hizo huvutwa kupitia upenyo mwembamba, huzungushwa kwa kasi inayozidi kuongezeka, kisha utando wa kaboni huzivua elektroni zote mbili. Protoni zinazobaki hupiga maji yenye oksijeni-18, na florini huzaliwa.

Kathodi hizo huliwa polepole. Fundi makini hangoji zife; hupima mkondo wa ioni kwa mikroampea na kuulinganisha na umeme uliotumika. Chanzo kinachodai umeme mwingi kuliko jana ili kitoe mkondo uleule kimechakaa, hata kama bado kinafanya kazi. Kuongeza gesi si tiba ya daima: ikizidi, ioni hupokonywa elektroni zao njiani. Kubadilisha kathodi nako huhitaji kufungua chumba kisicho na hewa, chenye mionzi, kisha kuinyonya hewa upya. Miadi ya siku hiyo huvunjika.

Kwa mkazi wa Nairobi, huko ni kurudi kesho. Kwa aliyetoka Mitundu ni malazi ya ziada, na kufunga kula kwa saa kadhaa kwa mara ya pili. Daktari anayempa rufaa aulize hali ya mtambo kabla mgonjwa hajapanda basi.