Jumapili Bo-Kaap

Mwenye nia ya kuwapeleka watoto Bo-Kaap achague Jumapili, tena asubuhi. Mtaa huu umejishikiza kwenye mteremko wa Signal Hill, juu ya katikati ya jiji la Cape Town, na barabara zake zina mwinuko wa kumfanya mtoto mdogo aombe kubebwa. Jumapili ndiyo siku ya koesister: andazi lenye iliki, mdalasini, tangawizi na anisi, ambalo likishakaangwa huchovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi. Akina mama huyauza nyumbani kwao, na majirani huyafuata yangali ya moto.

Kuta za waridi, manjano, kijani na buluu ndizo zilizouvumisha mtaa. Inasimuliwa kwamba nyumba zilipokuwa za kupanga zilipakwa chokaa nyeupe tu, na wakazi walipoweza kuzinunua, kila mmoja akachagua rangi aipendayo. Watoto wangu walianza kushindana kuzihesabu. Niliwaacha kidogo, kisha nikawapeleka Dorp Street, kwa sababu huko ndiko rangi zinakopata maana.

Huko upo Msikiti wa Auwal, ulioanzishwa 1794, mkongwe kuliko yote Afrika Kusini. Imamu wake wa kwanza, Tuan Guru, alikuwa mwanazuoni kutoka Tidore, aliyeletwa na Waholanzi mwaka 1780 akiwa mfungwa. Akiwa kifungoni Robben Island aliandika Qurani nzima kwa kumbukumbu. Waumini wake walikuwa watumwa na waliokwisha kuachwa huru, watu wenye asili ya visiwa vya Indonesia, India, Sri Lanka, Madagascar, na hata pwani ya Afrika Mashariki. Walinyang'anywa karibu kila kitu, lakini dini na mapishi walibaki navyo, wakavirithisha.

Desturi inayonigusa kuliko zote ni ya Maulidi. Wanawake na wasichana hukusanyika msikitini wakiwa wamevaa vizuri, wakakata majani ya mchungwa membamba kabisa, wakayatia mafuta ya manukato na kuyafunga katika vifuko vidogo. Kazi hiyo huitwa rampies sny. Anayejua kikuba cha Unguja atautambua mkono ule ule. Bibi hukaa na mjukuu ubao mmoja, kisu kikienda huku kaswida zikisomwa, na hivyo ndivyo mtoto anavyofundwa bila kuwekwa darasani. Ramadhani nayo, kabla ya kufuturu, watoto hutumwa na sahani za vitafunio nyumba kwa nyumba. Sahani hairudi tupu.

Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipogawa makazi ya watu, Bo-Kaap ilitengwa kuwa ya "Wamalay", na wasiohesabiwa hivyo wakalazimika kuhama. Leo kinachowasukuma wenyeji ni bei za nyumba na kodi. Waliandamana, na mwaka 2019 maeneo 19 ya mtaa yakatangazwa kuwa urithi wa taifa. Bado mabasi ya watalii huja, na wapo wanaokaa barazani kwa mtu wapige picha bila hata salamu. Wewe bisha hodi, salimu, nunua koesister, uliza ndipo upige. Ijumaa mchana waache watu waende swala. Watoto wako wasubiri mbali na lango.