Matone Mawili Kinywani mwa Mtoto

Tarehe 15 Agosti, siku tunayoadhimisha Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Wahindi hukumbuka uhuru walioupata mwaka 1947. Katika miji mingi ya India wanachama wa Rotary, chama cha huduma kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905, huenda shuleni kupandisha bendera pamoja na watoto, na kuwagawia madaftari na peremende.

Peremende huisha siku ile ile. Kubwa kuliko hizo ni kazi waifanyayo siku zisizo na bendera. Tangu mwaka 1985 Rotary inapigana na polio, ugonjwa unaopoozesha miguu ya watoto. Nchini India wanachama wake walipita mlango kwa mlango pamoja na wachanjaji wa serikali: matone mawili kinywani mwa kila mtoto. Mgonjwa wa mwisho alionekana Januari 2011. Miaka mitatu ikapita katika kukesha, na tarehe 27 Machi 2014 India ikapewa hati ya kuepukana na polio. Nayo ni nchi ya watu zaidi ya bilioni moja!

Sisi wa Likasi twawakumbuka Wahindi kwa askari wao wa Umoja wa Mataifa, walioingia hapa Januari 1963, mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Matone yale nayo yametufikia. Polio ya asili ilitangazwa kutoweka Afrika Agosti 2020. Ila aina nyingine, itokayo katika virusi vya chanjo vilivyogeuka penye watoto wengi wasiochanjwa, imewapata watoto wa Kongo hata baada ya hapo, Haut-Katanga ikiwamo. Ndiyo sababu mchanjaji hurudi kupiga hodi mara ya pili na ya tatu, na mtoto aliyepewa matone mwezi uliopita hupewa tena.