Kamera Inayoona Jani Kabla ya Jicho

Wakulima wa skimu za Kinangop na Ol Kalou wanaujua ukungu wa viazi, ule ambao wengine huuita baridi. Leo jani lina doa dogo. Baada ya siku chache za mvua shamba zima limekuwa jeusi. Viazi vya Shangi, ambavyo wengi wetu hupanda, huushindwa upesi. Kwa hiyo mtu akija kwenye chama cha ushirika na kusema kwamba ana kamera iwezayo kuuona ugonjwa huo mapema, yafaa asikilizwe. Yafaa pia aulizwe maswali.

Kamera hiyo huchukuliwa na ndege ndogo isiyo na rubani. Jicho la mtu hugawanya mwanga katika rangi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Kamera ya rangi nyingi huugawanya katika sehemu 200 au zaidi, na huona hata mwanga ulio ng'ambo ya wekundu, ambao sisi hatuuoni. Jani lenye afya hunywa mwanga mwekundu ili kutengeneza chakula chake, na ule wa ng'ambo hulirudisha kwa wingi. Jani likiugua, mizani hiyo hubadilika.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba ukungu wa viazi waweza kutambuliwa kwa mwanga kabla dalili hazijaonekana kwa macho. Lakini angalia: wao walipima jani moja moja kwa karibu, si kutoka angani. Tofauti hiyo ni kubwa, na muuzaji wa picha aweza kuisahau.

Taabu ya kwanza ni wingi wa hesabu. Tuseme mstari mmoja wa picha una nukta 640, kila nukta ina rangi 270, na kila rangi huandikwa kwa baiti 2. Hizo ni baiti 345,600 kwa mstari mmoja. Kamera ikisoma mistari 100 kwa sekunde, dakika 10 za kuruka hutoa zaidi ya gigabaiti 20. Kompyuta ya kawaida ya ofisi itazisaga kwa muda mrefu, na ukungu haumngoji karani.

Basi, kazi hurahisishwa wapi? Huanzia chini, kabla ndege haijapaa. Kibao cheupe, ambacho kiasi chake cha kurudisha mwanga chajulikana, huwekwa shambani na kupigwa picha. Kisha kamera hufunikwa ili ipige giza tupu. Namba ya giza hutolewa katika kila namba ya shamba na katika namba ya kibao, halafu ile ya shamba hugawanywa kwa ile ya kibao. Hapo picha ya Jumatatu yaweza kulinganishwa na ya Ijumaa ijapokuwa jua si lile lile. Bila kibao, ramani yenye rangi nzuri ni pambo la ukutani.

Kamera hizi nyingi husoma mstari baada ya mstari, kama mtu asomavyo gazeti. Ndege ikiyumba kwa upepo, matuta ya viazi hupindika katika picha. Lazima pawe na chombo kinachoandika mahali ilipo ndege na jinsi ilivyoinama.

Jambo linalopunguza kazi kuliko yote ni kutupa usichohitaji. Nukta za udongo na za njia ziondolewe kwanza, yabaki majani tu. Kisha zichaguliwe rangi chache: wekundu wa karibu nanometa 670, ukingo ulio kati ya 700 na 740, mwanga wa ng'ambo wa 800, na 970 ambapo maji ya jani hujionyesha. Iko pia kamera ya rangi tano, nyepesi na rahisi zaidi, na kwa maswali mengi ya mkulima hiyo yatosha, isipokuwa lile la maji. Mimi sioni sababu ya chama kulipia rangi 270 kwa swali linalojibiwa na 5.

Iko shida nyingine. Ukungu hupenda mawingu na manyunyu. Kamera hupenda jua la karibu na adhuhuri na mbingu safi. Siku za ugonjwa ndizo siku mbaya za picha! Kwa hiyo mtu asiache kupuliza dawa ya kinga kwa wakati wake eti anangoja ndege. Faida ya ramani ni kumwonyesha mahali palipo dhaifu, aende moja kwa moja.

Tena lazima aende kwa miguu, maana picha haisemi jina la ugonjwa. Kiu, upungufu wa nitrojeni, mnyauko wa bakteria na ukungu huweza kufanana katika ramani. Asubuhi geuza jani: utando mweupe kuzunguka doa upande wa chini ni dalili ya ukungu. Mmea ukinyauka ungali kijani, kata kiazi chake. Ute mweupe ukitoka kwenye pete iliyo ndani, huo ni mnyauko, na dawa ya ukungu ni fedha iliyotupwa.

Ndege hizi pia haziruki ovyo. Kwa kanuni za mwaka 2020 huandikishwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na mwenye kuzirusha kwa biashara lazima awe na kibali. Mwambieni awaonyeshe kibali hicho, na kibao cheupe pia, kabla mweka hazina hajafungua kitabu cha hundi.