Kutenganisha maji kwa nguvu ya jua: kwa nini ni vigumu?

Kila jani la mwembe hufanya, mchana kutwa, kazi ambayo maabara za kisasa bado hazijaimudu sawasawa: kutenganisha maji kwa mwanga wa jua peke yake.

Jijini London, watafiti wa Chuo cha Imperial wameichunguza kazi hiyo kwa miaka mingi. Maji yakitenganishwa hutoa oksijeni na haidrojeni, nayo haidrojeni huungua bila kutoa hewa ya ukaa.

Kwa Afrika Mashariki, ambako kaya nyingi zingali zinapikia kuni na mkaa ilhali jua ni tele, suala hili haliwahusu wanasayansi pekee.

Rangi inayonasa mwanga

Mwaka 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kuwa titani dioksidi, kemikali nyeupe inayotiwa katika rangi za ukuta, inaweza kutenganisha maji ikimulikwa. Kasoro yake ni kwamba hunasa miale ya urujuanimno tu, ambayo ni sehemu ndogo ya mwanga wa jua.

Ndipo likaja wazo la kuipaka rangi nyingine. Chembechembe zake, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, hufunikwa kwa molekuli za rangi, mara nyingi zenye madini ya ruteni. Rangi ikipigwa na mwanga huirushia chembe elektroni moja, kisha hufidiwa elektroni nyingine.

Mwaka 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel walitumia mbinu hiyo nchini Uswisi kuzalisha umeme. Humo fidia ilitoka kwenye myeyusho wa ayodini, tena upesi. Katika kutenganisha maji, fidia hutoka kwenye maji yenyewe kupitia kichocheo, na maji ni mdaiwa mgumu.

Elektroni nne

Ili ipatikane molekuli moja ya oksijeni, maji lazima yanyang'anywe elektroni nne, ilhali kila chembe ya mwanga huondoa moja tu. Kichocheo hakina budi kusubiri mpaka ya nne.

Lakini elektroni iliyorushwa haisubiri. Huelekea kurudi ilikotoka. Vipimo vya Profesa James Durrant na wenzake wa Imperial, vilivyochapishwa mwaka 2008, vilionyesha kwamba juu ya titani dioksidi isiyopakwa rangi, maji huhitaji mamia ya milisekunde kuitikia. Kwa elektroni, huo ni muda mrefu mno.

Mwaka 2009, kundi la Thomas Mallouk nchini Marekani liliunganisha rangi ya ruteni na chembechembe za iridi oksidi. Maji yalitenganishwa, ila katika kila chembe 100 za mwanga zilizonaswa, takriban moja tu ndiyo iliyozaa matunda.

Iridi, isitoshe, ni miongoni mwa madini adimu kabisa duniani. Jani hutumia manganisi na kalsiamu, vitu vya kawaida, kama umbo la kichocheo chake lilivyodhihirishwa mwaka 2004 na James Barber, So Iwata na wenzao, hapo hapo Imperial.

Hata jani nalo huchakaa. Kwenye jua kali, protini inayokishikilia kichocheo hicho huharibika baada ya nusu saa hivi, na mmea huunda nyingine. Rangi ya maabara ikiharibika, haina wa kuiunda upya.