Ukisahau, Bado ni Wewe?

Mtu akipotewa na kumbukumbu, hubaki nani? Mwaka 1694 mwanafalsafa Mwingereza, John Locke, alieleza kuwa nafsi ya mtu hufika pale kumbukumbu zake zifikapo.

Mimi sikubali. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ubongo kutibiwa kifafa. Tangu hapo, hadi alipofariki mwaka 2008, jambo jipya halikumkaa akilini. Kwa hesabu ya Locke, miaka hiyo 55 karibu yote haikuwa yake! Lakini jina lake alilijua, utotoni alikukumbuka, na waliomtunza walimjua kwa upole wake.

Basi, ndugu msomaji, nyanya yako asipokutambua, usiseme ameshaondoka. Mwite jina lake, umsimulie habari zake. Mtu ni watu. Alichosahau yeye, mkumbukie wewe.