Tanga Lilipokataa Kushuka

Wengi wenu mnaijua puli kwa kazi ya mgodi, na mambo ya buloni mnayajua kuliko mimi. Leo nataka tuvipeleke vyombo hivyo ziwani.

Shemeji yangu anakaa Kalemie. Ana mashua ya mbao, urefu wake mita tano tu, yenye tanga moja. Aliitengenezea remorki, yaani kigari cha magurudumu mawili kisicho na moteri, kwa ekseli ya motokari ya zamani. Watu walimcheka. Lakini mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za kando, yeye aliivuta mashua yake hadi mlimani, wala haikupata shida.

Tena jambo hilo si geni kwetu. Kapiteni Edward Hore, baharia wa misheni ya London, alileta mashua ya tanga ya chuma iliyoitwa Morning Star. Ilikatwa vipande, ikavutwa na watu juu ya mikokoteni kutoka pwani ya bahari mpaka Ujiji, ikaunganishwa huko mwaka 1883. Baadaye alikaa na mke wake na mtoto wao mdogo katika kisiwa cha Kavala, upande wetu huu wa ziwa. Mtu aliyeishi na jamaa yake kisiwani alipaswa kuamini kila kamba ya mashua yake!

Shemeji, yeye, aliamini tundu. Mlingoti wake ni bomba la chuma, na kule juu alitoboa tundu tu, akapitisha henza, ndiyo kamba ya kupandishia tanga. Julai ya mwaka huo wa 2024 alitoka na kijana wake wa miaka kumi na miwili. Mnajua upepo wa kusini wakati wa kiangazi, hauombi ruhusa. Alipotaka kushusha tanga, kamba iliyoliwa na ukali wa tundu ikanasa. Akasimama, akaenda mbele kuivuta. Kumbe mashua ndogo haitaki mtu mzima asimame mbele wakati wa upepo! Ikalala upande, maji yakaingia, wavu na samaki vikaenda. Kijana alikuwa akichota maji kwa beseni na kulia. Walifika pwani, Mungu asifiwe, lakini mama wa kijana alisema eti mtoto hapandi tena mpaka mashua itengenezwe.

Basi nilikwenda na fundi mmoja wa kanisa letu, mzee aliyefanya kazi ya mgodi miaka mingi. Tulitaka mambo mawili: kamba iteleze, na mtu aishushe akiwa ameketi nyuma kwenye usukani. Tukafunga puli moja juu ya mlingoti, ya pili chini penye shina lake, na kishikio cha kufungia kamba karibu na usukani.

Hapa ndipo nilipoaibika. Ile puli ya chini niliifunga mimi, kwa skrubu mbili za mbao. Tulipovuta mara ya kwanza, ikang'oka na kupita karibu na sikio langu. Mzee akacheka, akasema, “Pasta, kamba inashuka halafu inageuka. Puli yako inavutwa juu, skrubu itashika nini?” Akatoboa mbao upande hata upande, akapitisha buloni nne, na chini yake akaweka bamba la chuma pana kama kiganja, rondela na ekru. Nguvu ikagawanyika juu ya mbao nzima. Kabla ya kukaza alipaka lami ndani ya matundu, kwa sababu maji yakiingia humo mbao inaoza pasipo kuonekana. Maji yetu si ya chumvi, kwa hiyo alitumia buloni zilizopakwa zinki, bei yake inavumilika. Ziwe zote za namna moja, alisema, maana chuma cha namna mbili kikigusana ndani ya maji, kimoja kinakula kingine.

Mlingoti aliutia bawaba chini, watu wawili waulaze na kuusimamisha. Sisi wa Piana-Mwanga tunajua nyaya za umeme. Mlingoti wa chuma ukisimamishwa juu ya remorki na kugusa waya, anayeushika hana nafasi ya pili. Usimamishwe pwani tu, baada ya kutazama juu. Shemeji alifikiri ni uoga wa wazee, mpaka nilipomwonyesha waya unaopita juu ya njia yake mwenyewe.

Siku ya tatu tulijaribu. Kijana aliketi nyuma, akafungua kamba, tanga likaanguka lote pamoja na foromali yake, karibu linifunike. Mama yake alikuwa amesimama mchangani. Akamwambia apandishe tena, ashushe tena. Alifanya hivyo mara saba, ndipo akatupa chakula.